Konzi ya Maharage

Maguu, 21 Julai 2024

Dada yangu Ottilia,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimeketi jikoni, na mke wangu Emiliana amesimama mlangoni kuhakikisha nasema yote. Sisi wote wa hapa tu wazima. Binti yetu Anjela amejifungua salama mtoto wa kike, na tumempa jina la mama. Kwa hiyo ukija utamkuta Teodora mwingine, mwenye sauti kali kuliko yule wa kwanza. Baridi ya mwezi huu imekuwa ya mzaha tu. Blanketi la pili lilitolewa sandukuni likarudishwa bila kutumika. Shemeji Hamphrey hajambo? Mwambie bado namkumbuka yule mbasa aliyetuletea siku ya kipaimara cha Anjela, samaki aliyejaa beseni mkia ukabaki nje.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Masikio yangu unayajua. Mara ya mwisho tulipoongea nilipaza sauti mpaka jirani yangu Urbani akaja mbio kutupa pole, akidhani tumefiwa. Jambo nililonalo leo si la kusikiwa na Maguu nzima.

Dada, kahawa ya baba inakufa. Miti imesimama, majani ni ya kijani, tunda kwa nje linapendeza, lakini ukilipasua unakuta kidudu cheusi, kidogo kama punje ya ulezi, kimeshakula ndani kote. Zamani tulikuwa tukikisikia kwa watu wa mabondeni kwenye joto. Huku hakikuwahi kufika, baridi ilikikataa. Bibi shamba wetu, Hildegardi, anasema kimepanda kufuata joto, na kwamba kahawa nayo sasa inatafuta mahali pa juu zaidi penye ubaridi wake.

Juu ya shamba letu pamebaki kitu kimoja tu, ule msitu kwenye kichwa cha ntambo. Nataka tuufyeke tupande kahawa mpya.

Uliolewa ukiwa na miaka kumi na tisa, huenda umesahau, kwa hiyo naandika wazi. Ntambo ni mgongo mzima wa mlima, kijito kwa kijito, na ni wa watoto wote wa baba, hata binti aliyeolewa mbali. Anayetaka kubadili matumizi ya sehemu yake huwapelekea ndugu zake maharage mapya yaliyovunwa humo humo. Anayekubali anayapika. Anayekataa anarudisha konzi moja kabla ya mvua za kwanza. Kaka zetu wametangulia mbele ya haki, tumebaki mimi na wewe. Kikapu kinakuja na basi pamoja na barua hii. Ni yale yale ya mama, meusi yenye jicho jeupe.

Nasubiri jibu lako.

Mdogo wako,
Flaviani


Lituhi, 2 Septemba 2024

Flaviani mdogo wangu,

Marahaba. Hongereni sana kwa mtoto. Mwambie Anjela asimzoeshe kubebwa muda wote, mama alimharibu marehemu kaka yetu Leopold hivyo hivyo na alibebwa mpaka akaanza kuota ndevu. Sisi hatujambo. Goti la Hamphrey linamsumbua asubuhi, mchana linamsahau. Anakushukuru kwa kumkumbuka yule mbasa, ingawa anasema mkia haukuning'inia, ni beseni lenu lilikuwa dogo.

Kikapu kimefika salama. Asante.

Umeniandikia habari za msitu ule kama vile hatujawahi kuingia pamoja. Nimekaa nikajaribu kukumbuka vyote vilivyokuwamo, nikashangaa vingi bado ninavyo kichwani. Ile chemchemi chini ya jiwe, je, bado inatoka? Na uyoga wa njano uliokuwa unaota kwenye magogo baada ya mvua ya pili? Mzinga wa baba ulikuwa kwenye mkuyu, na nyuki walishuka kwenye kahawa siku maua yalipofunguka, tukakatazwa kupita. Hondohondo wale wawili waliokuwa na kelele nyingi? Na vile vyura vidogo vya kijani vilivyokaa kwenye majani karibu na chemchemi, kila kimoja hakizidi kucha ya kidole gumba. Mama alikuwa akivisikia vinalia, anatuambia tuanue mahindi.

Nakuuliza ili unijibu, si mapambo ya barua.

Huku mbasa ndio tunaowazungumza kila siku, kama watu wanavyomzungumza ndugu aliyehama. Wewe unajua, mvua zikianza huwa wanaacha ziwa na kupanda Mto Ruhuhu, wanatafuta maji safi ya baridi yenye changarawe, ndipo wanataga mayai. Msimu uliopita mvua ilichelewa, halafu ikaja yote kwa pamoja na tope zito. Kwa wavuvi wote wa upande wetu, walipatikana mbasa watatu. Si watatu kwa kila mtu. Watatu.

Siku ya harusi yangu baba aliniambia naolewa na watu wanaolishwa na bahati, nami nikamjibu mbele ya wageni kwamba sitapanda Maguu kuomba hata punje moja. Unakumbuka alivyocheka? Sijaomba mpaka leo.

Nipe muda kidogo. Mvua bado.

Dada yako,
Ottilia


Maguu, 6 Oktoba 2024

Dada,

Shikamoo. Tu wazima, Teodora mdogo ana meno mawili.

Unaniuliza habari za uyoga na mimi nina miche mia na themanini kwenye mifuko inayongoja ardhi. Chemchemi inatoka, kwa unyonge. Hondohondo sijawaona mwaka wa tatu huu. Nyuki wapo, wachache. Kima wameshuka kula mahindi ya Urbani kwa sababu masuku hayakuzaa vizuri huko juu. Vyura usiniulize mimi, kiziwi.

Nikuambie jambo jingine. Mwezi uliopita wajukuu wawili walipata malaria, hapa hapa Maguu, na hawakuwa wamesafiri popote. Sisi tulikua bila kujua chandarua ni nini. Kila kitu kinapanda mlima huu, dada, mbu, kidudu cha kahawa, joto lenyewe. Ni mimi peke yangu nimeambiwa nisubiri.

Hukunijibu. Kama konzi haitafika kabla ya mvua, nitajua umepika.

Flaviani


Lituhi, 27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Flaviani,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ya mara hii ilikuwa na haraka. Poleni kwa malaria ya watoto. Waambie walale ndani ya neti na neti ifungwe chini, si kuning'inia kama pazia la bwana harusi. Sisi tunaendelea. Wiki hii tumepata usipa kidogo, hawa dagaa wa ziwa letu, na harufu yake juani imewafurahisha watu kuliko ngoma.

Jibu langu ni hapana. Konzi yako nimeifunga kwenye kipande cha kanga na kuiweka ndani ya bahasha hii.

Usidhani sikusikii. Najua maana ya kuona kilichokulisha kinakufa, huku mimi naliona ziwa kila asubuhi. Lakini nimekuwa nikiwaza hivi. Wewe unapanda kufuata ubaridi. Vyura nao wanapanda kufuata ubaridi, na uyoga, na nyuki, kila kiumbe kwa mwendo wake. Nyote mtakutana kichwani mwa ntambo. Wewe una panga, wao hawana kitu. Na ukiwaondoa pale, waende wapi? Juu ya lile jiwe kubwa la kileleni kuna nini tena?

Halafu maji ya mlima huo ndiyo yanayotufikia sisi. Hao mbasa watatu walikuwa wakiyatafuta hayo. Mlima ukiwa wazi, mvua kubwa itatuletea udongo wako wote mlangoni.

Baba hakuuacha msitu ule kwa kusahau. Alikuwa mtu wa kulima hata kando ya kaburi. Uache.

Msalimie Emiliana na umbusu Teodora.

Ottilia


Maguu, 19 Novemba 2024

Dada Ottilia,

Shikamoo.

Nimefungua kanga yako mbele ya Emiliana. Tumeyamwaga maharage kwenye ungo, tukayaangalia. Ni ya njano. Yote ya njano, makubwa, ya kununua. Haya hayajaota kwenye ntambo huu hata siku moja. Ya mama ni meusi yenye jicho jeupe, na wewe ndiye uliyenifundisha kuyachambua.

Sikutegemea kufanyiwa hivi na wewe. Ungetaka kukataa, ungekataa kwa konzi ya kweli. Kama ulipika, ulipika, jambo limekwisha na hakuna ubaya. Lakini kupika kisha kwenda sokoni kununua hapana yako! Wavulana wa ukoo wakisikia watasema shangazi yao anacheza na mambo ya babu yao.

Mvua za kwanza hazijafika bado, ila hesabu zangu ni kwamba umekubali. Wiki ijayo tunapanda juu.

Flaviani


Lituhi, 5 Desemba 2024

Flaviani,

Marahaba. Hamphrey mzima, mimi mzima. Salamu zinatosha hapo.

Ni kweli. Ya njano niliyanunua. Ya kwako niliyapika.

Usipa hawakuonekana tangu mwezi wa nne. Hamphrey alikuwa akitoka na wenzake na kurudi na kiasi cha kulamba. Bwana samaki wa kata alituita ufukweni akatueleza kwamba ziwa limeshika joto juu, na maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, kwa hiyo chakula cha samaki kimebaki chini. Alisema ni kama uji usiokorogwa, unga wote umekaa chini ya sufuria na juu kuna maji matupu. Wanawake tulicheka. Ulikuwa ndio uji tuliokuwa tukiunywa. Muhogo nao uliozea shambani kwa zile mvua kubwa za mwisho. Kikapu chako kilipofika, ilikuwa siku ya tatu hatujala kitu cha kutafuna.

Usijipe moyo kwamba nilisahau maana yake. Sikusahau. Nilikiweka kikapu sakafuni, nikakitazama kwa muda mrefu. Kisha nikatoa konzi moja, nikaifunga kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kabati, ili niirudishe kwako. Yaliyobaki nikapika, kidogo kidogo. Siku ya kumi na moja nikaishusha na ile konzi, nikaipika nayo. Hamphrey aliuliza kama yamebaki mengine, nikasema yamebaki.

Kwa hiyo kama unataka kujua nilijibu nini, nilijibu ndiyo. Njaa ilikubali. Oktoba tukapata usipa, nikashiba siku mbili, msitu ukanirudia kichwani, nikaona aibu, nikaenda sokoni. Hapana ile ilikuwa yangu hata kama maharage hayakuwa yako.

Sikukuandikia haya mapema kwa sababu ya maneno niliyomwambia baba miaka arobaini na tano iliyopita. Ni upumbavu, lakini ndivyo nilivyo. Usimwambie Emiliana. Na usinitumie chakula kwa huruma, nitakirudisha na basi hilo hilo.

Fanya unavyoona. Kwa mujibu wa ntambo, haki ni yako.

Ottilia


Maguu, 9 Februari 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne tangu Krismasi. Teodora anatambaa. Emiliana anauliza kila siku kama nimekujibu, nami namwambia kalamu imekwisha wino, mpaka juzi akanunua kalamu tano.

Uliandika kwamba haki ni yangu. Sikulala vizuri na hayo maneno. Dada, mimi nilianza kukata mwezi wa sita. Kikapu nilikituma mwezi wa saba. Wewe ulipokuwa unakitazama pale sakafuni, nusu ekari ya msitu ilikuwa imeshalala chini, na mkuyu wa mzinga wa baba ulikuwa miongoni mwa miti iliyokatwa. Nilikuuliza jambo nililokwisha kulifanya. Halafu nikakugombeza kwa maharage ya njano.

Na si hilo tu. Hildegardi aliniambia njia mbili, nami nikakuandikia moja. Alisema naweza kuibakiza kahawa pale pale ilipo, nipande migomba na miti ya kivuli katikati yake, niokote kila tunda linaloanguka ili kidudu kikose pa kujificha. Lakini kivuli ni kazi ya miaka, na mimi nimefika sitini. Nilitaka kitu cha haraka. Niliogopa kufa nikiwa mtu aliyeiua kahawa ya baba.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Barua yako ya Desemba ilinikuta nimeshapanda ile miche mia na themanini kwenye nusu ekari iliyokwisha kukatwa. Sikuendelea mbele ya hapo, panga lilikataa mkononi. Mvua ikanyesha siku nne, ikakatika wiki tatu. Huko nilikokwenda kutafuta ubaridi, dada, hakuna ubaridi. Ubaridi ulikuwa wa miti. Nilipoiondoa uliondoka nayo. Miche hamsini imeungua kwa jua.

Mvua iliporudi nilipanda mpaka kwenye chemchemi. Inatoka maji ya kujaza kikombe, si ndoo. Nikakaa pale nikisubiri vile vyura vyako. Sikusikia kitu. Nikajiambia ni masikio yangu. Kesho yake nikamchukua Emiliana, nikamkalisha kwenye jiwe la kufulia kando ya chemchemi, nikamwambia asikilize kwa niaba yangu. Nilimtazama uso muda wote. Hakusikia kitu. Tukasogea juu zaidi, kwenye sehemu ambayo haijaguswa, karibu kabisa na lile jiwe kubwa. Hapo akainua kidole. Akaonesha viwili, kisha akafikiri, akaonesha vitatu.

Uliniuliza juu ya jiwe kuna nini tena. Nilipanda nikaangalia. Hakuna kitu. Mlima unaishia pale.

Jua siwezi kulishtaki. Lilianza mbali na litaendelea hata mimi nisipokuwepo. Lakini panga ni langu.

Nataka tuanze upya kwa haki. Nitatuma kikapu kipya, cha maharage ya kweli, na nitaisubiri konzi yako bila kuhesabu siku. Ukirudisha, nitauacha msitu uliobaki. Ukipika, basi.

Nisamehe, dada.

Flaviani


Lituhi, 2 Machi 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba sana. Barua yako niliisoma mara moja kimya na mara ya pili kwa sauti, Hamphrey asikie, maana sasa anajua yote. Nilipofika mahali pa Emiliana kuonesha vidole alisema, "Huyo kaka yako ana mke." Sijui kama wewe umesifiwa au umesemwa.

Nilikasirika, nisikufiche. Nimekuwa nikijiona mwizi tangu Agosti, nalala na mzigo wangu, kumbe mwenzangu aliiba mapema kuliko mimi! Nilitembea hadi mtoni na kurudi nikikugombeza kwa sauti, watu wakanipisha njia. Kisha hasira ikaisha, nikabaki nakuonea huruma. Mtu wa miaka sitini anakimbizana na joto mlimani, na mkewe anamsikilizia vyura. Nimekusamehe. Nawe unisamehe ya njano.

Lakini kikapu usitume.

Nasema kwa dhati, Flaviani. Usitume. Wiki iliyopita Ruhuhu ulijaa, Hamphrey na wenzake wakaenda mdomoni mwa mto kuangalia. Waliona mbasa wawili wamefika kwenye tope, wamezunguka, wamerudi ziwani. Usipa wa Oktoba walikuwa wa wiki mbili tu. Hapa nyumbani tunakula mara moja kwa siku. Ukinitumia kikapu nitakitazama tena sakafuni, nitatoa konzi tena na kuiweka juu ya kabati, na nitaishusha. Najijua. Safari hii hata siku kumi na moja sitafika.

Utasema dada amekubali, na utakuwa na ushahidi. Lakini hutakuwa umeniuliza mimi. Utakuwa umeliuliza tumbo langu, nalo halina habari na vyura wala na wajukuu. Lingekuwa na mdomo lingekupa msitu, lingekupa mto, lingekupa na mimi mwenyewe kwa sahani moja.

Usimuulize mwenye njaa habari ya msitu. Amua wewe unayekula. Ukiamua vibaya, angalau uwe umeamua mwenyewe, jina lako, mkono wako, usinishirikishe kwa kunilisha.

Nawasalimu wote. Mbusu Teodora mguuni, ndiko wanakopenda.

Dada yako,
Ottilia


Maguu, 23 Machi 2025

Dada Ottilia,

Shikamoo. Hapa tunakuandikia kwa haraka kidogo kwa sababu basi linaondoka Mbinga saa nne.

Sikukuuliza. Nimeamua.

Jumapili baada ya misa niliwaita vijana wote wa ukoo kwenye sengu, pale petu pa kula na kushauriana, tukala pamoja sahani moja katikati kama baba alivyotuzoesha, na kabla hawajanawa mikono nikawaambia kwamba nilikata msitu wao kabla ya kumuuliza mtu yeyote. Habari zako sikuzitaja. Mdogo wao, Melkior, akauliza kama na yeye anaweza kukata kwanza akauliza baadaye. Nikamwambia ndiyo maana nasema mbele yenu.

Mpaka tumeuweka pale panga liliposimama. Juu ya hapo hakuna atakayeingia na chuma. Ile nusu ekari haitapandwa, ijiotee itakavyojua. Miche mia na thelathini iliyopona niliing'oa mwenyewe, ikiwa hai na majani mapya, na sitakudanganya, nililia. Emiliana hakusema nami siku mbili. Siku ya tatu akaja na kikapu, akaanza kung'oa mstari wa pili. Hamsini tumeishusha chini ya migomba michanga, iliyobaki nimemgawia Urbani na wengine wenye kivuli. Kahawa ya baba tunaiokotea matunda kila jioni, mimi na wajukuu. Hildegardi anasema huenda ikapona nusu. Mimi nitachukua hiyo nusu.

Ombi lako moja sikulitimiza. Emiliana nimemwambia. Alichukua ufunguo wa ghala akatoka, na magunia amefunga yeye mwenyewe, kwa hiyo ukitaka kuyarudisha utapambana naye, si mimi.

Ni mahindi magunia mawili na maharage debe moja. Yanafika Lituhi Alhamisi. Hayana swali lolote, dada. Pika yote.

Mdogo wako,
Flaviani